Cavalier: Sura Iliyotoka Kwenye Picha, na Moyo Uliokuja Nayo

Mwaka 1926, kwenye maonyesho makubwa ya mbwa ya Crufts, London, lilitoka tangazo la tajiri mmoja wa Kimarekani, Roswell Eldridge wa Long Island, New York. Alikuwa amekuja Uingereza kutafuta vijibwa alivyokuwa akiviona kwenye picha za kale za kuchorwa, zile za enzi za Mfalme Charles wa Pili: masikio marefu, pua ndefu, vimelala miguuni pa watoto wa kifalme au vimepakatwa na mabibi waliovaa hariri. Aliamini atavikuta. Hakuvikuta. Kila alikopiga hodi alionyeshwa vijibwa vya pua bapa, fuvu lililotuna na macho yaliyotokeza. Jina la mfalme vilikuwa nalo, sura ile havikuwa nayo tena. Ndipo akaahidi pauni 25 kwa dume na pauni 25 kwa jike watakaofanana zaidi na wale wa zamani: uso mrefu, fuvu bapa, doa katikati ya kichwa. Zawadi hiyo ingetolewa kila mwaka kwa miaka mitano.

Ninaishi na mmoja wa wajukuu wa tangazo hilo. Mimi ni Mtanzania, kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao huku magharibi mwa Uingereza, na bibi mmoja niliyekuwa namhudumia alikuwa na Cavalier King Charles Spaniel jike, mwekundu na mweupe. Bibi alipohamishiwa kwenye makao ya wazee yasiyopokea wanyama, watoto wake waliniomba nimchukue mbwa. Nilimchukua kwa moyo mmoja. Kwetu Moshi mbwa hulala nje na kubweka usiku, getini kumeandikwa Mbwa Mkali, na kila mtu anaiheshimu kazi yake hiyo. Huyu kazi hiyo haiwezi asilani. Lakini kwake nimejifunza jambo ambalo natamani kila anayemtaka mbwa wa aina hii alijue kabla hajatoa hela: sura yake nzuri na tabia yake ya upole vimekuja pamoja na moyo mbovu, na upole huohuo ndio unaouficha ugonjwa.

Vijibwa vya kupakatwa ni vya zamani sana Uingereza. Mwaka 1570 daktari John Caius aliandika kwa Kilatini kitabu kidogo kuhusu mbwa wa Kiingereza, na humo akavitaja vijibwa vya mabibi ambavyo vikilazwa juu ya tumbo linalouma hutuliza maumivu. Namwelewa. Mwili wa mbwa una joto kuliko wetu, nyuzi 38 na kitu, na kwenye majumba yale ya mawe yenye baridi, kijibwa mapajani kilikuwa na faida iliyo wazi.

Karne iliyofuata ndiyo iliyovipa jina. Mwaka 1637 Anthony van Dyck aliwachora watoto watano wa Charles wa Kwanza. Katikati amesimama mvulana wa miaka saba, mkono wake juu ya kichwa cha jibwa kubwa mno. Chini, upande wa kulia, yupo spanieli mdogo ambaye mtazamaji anaweza kumkosa mara ya kwanza. Mvulana yule ndiye aliyekuja kuwa Charles wa Pili, na moyo wake ulikwenda kwa wale wadogo. Alitawala tangu 1660 hadi 1685, nao walimfuata kila mahali. Samuel Pepys, ofisa wa jeshi la majini, alinung'unika katika shajara yake ya Septemba 1667 kwamba mfalme barazani alikuwa akicheza na mbwa wake muda wote badala ya kusikiliza kazi. John Evelyn naye aliandika, mfalme alipofariki, kwamba majike yalikuwa yakizaa na kunyonyesha chumbani mwake mpaka kasri likanuka. Hata leo utawasikia Waingereza wakisema ipo sheria ya Charles inayowaruhusu mbwa hawa kuingia popote, hata Bungeni. Sheria hiyo haipo. Ni simulizi tu, ila inaonyesha jinsi watu walivyomzoea mfalme na mbwa wake kama kitu kimoja.

Oxfordshire, kwenye kasri la Blenheim, ukoo wa Marlborough ulikuwa na wa kwake, wekundu na weupe, waliokuwa wazuri hata kwa kuwinda ndege. Kasri hilo limepewa jina la vita vya mwaka 1704. Inasimuliwa kwamba Sarah, mke wa jemadari Marlborough, akisubiri habari kutoka vitani, alikuwa akimbonyeza jike wake mwenye mimba kichwani kwa kidole gumba, na watoto walipozaliwa kila mmoja alikuwa na doa jekundu mahali palepale. Mbwa wangu analo doa hilo, limekaa katikati ya mstari mweupe unaopita kati ya masikio. Rangi hiyo mpaka leo huitwa Blenheim. Nyingine ni tatu: yenye rangi tatu pamoja, nyeusi yenye madoa ya hudhurungi, na nyekundu tupu inayoitwa rubi.

Kisha mitindo ikageuka. William na Mary walipotawazwa mwaka 1689 walikuja na mbwa aina ya Pug kutoka Uholanzi, na tangu hapo pua fupi ikaanza kupendwa katika majumba ya wakubwa. Haikuwa ghafla. Malkia Victoria alipokuwa msichana alikuwa na Dash, spanieli wa rangi tatu, na kwenye picha zake Dash bado ana pua ya kutosha. Siku Victoria alipotawazwa, tarehe 28 Juni 1838, alirudi kasri baada ya saa nyingi za ibada na msafara, akavua mavazi mazito ya kifalme, akaenda kumwogesha Dash. Alikuwa na miaka 19. Kila nikisoma habari hiyo nampenda Victoria kidogo, pamoja na yote ninayoyajua kuhusu himaya yake. Karne ilipokwisha, pua ya spanieli wa mapajani ilikuwa imedidimia usoni, na mwaka 1903 Mfalme Edward wa Saba mwenyewe aliingilia kati ili mbwa huyo wa pua fupi aendelee kuitwa King Charles Spaniel. Huyo yupo hadi leo, ni mbegu nyingine.

Eldridge alifariki mwaka 1928, mwezi mmoja kabla ya maonyesho. Mwaka huohuo zawadi ya dume ilikwenda kwa Ann's Son, mbwa wa Miss Mostyn Walker, na siku ya pili ya Crufts watu wachache wakakutana, wakaunda klabu, wakaongeza neno Cavalier ili kumtofautisha mbwa wao na yule wa pua fupi. Walimpandisha Ann's Son mezani. Pembeni wakatandaza nakala za picha za karne ya 16, ya 17 na ya 18. Wakawa wanamwangalia mbwa, wanaangalia picha, wanaandika vigezo: kichwa kiwe hivi, sikio liwe vile, manyoya yaachwe yalivyo yasikatwe kwa mitindo. Walikuwa watu wenye nia njema, na nakubaliana nao kuhusu pua. Mbwa anahitaji pua ya kupumulia. Lakini yaliyokuwa mezani siku ile yote ni ya kuonekana kwa macho. Kilichokuwa kikipiga ndani ya kifua cha Ann's Son hakikuandikwa popote.

Vita vya Pili vya Dunia vikaja, chakula kikawa cha mgao, na wafugaji wakalazimika kupunguza mbwa. Banda moja lililokuwa na mbwa 60 lilibaki na 3. Amani iliporudi, Kennel Club ya Uingereza ikaisajili Cavalier kama mbegu ya peke yake mwaka 1945, na mbegu hiyo ikajengwa upya kutokana na hao wachache waliobaki. Dume mmoja, Daywell Roger, bingwa wao wa kwanza, alipandishwa kwa majike mengi na damu yake ikaenea sana. Mwaka 1973 Cavalier aitwaye Alansmere Aquarius akashinda taji la juu kabisa la Crufts, na baada ya hapo kila nyumba ikamtaka. Miaka ya 1980 yupo hadi Ikulu ya Marekani, Rex wa Ronald Reagan. Mwaka 1995 chama kikubwa cha mbwa cha Marekani nacho kikamtambua rasmi.

Mbegu inayoanza na wachache hubeba vyote walivyokuwa navyo hao wachache, vizuri na vibaya, na hakuna damu ya nje ya kuvipunguza. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, walichapisha matokeo ya kulinganisha vinasaba vya mbegu kadhaa za mbwa, na Cavalier ndiye aliyekutwa na mzigo mkubwa zaidi wa hitilafu zenye madhara, zikiwemo zinazohusiana na moyo.

Nitarudi kwenye moyo. Kwanza tabia, kwa sababu tabia ndiyo inayowafanya watu wampende mpaka wasahau kuuliza mengine.

Cavalier ana uzito wa kilo 5 na nusu hadi 8 hivi, na miongoni mwa mbwa wa mapajani huhesabiwa kuwa mkubwa kidogo. Anapenda watu wote. Fundi wa bomba akija anapokelewa, mtu wa posta anapokelewa, na mwizi naye nina hakika angepokelewa. Hagombani na paka. Watoto wakimvuta masikio anaondoka polepole, hang'ati. Anachotaka ni kuwa pale ulipo. Ukienda jikoni yupo jikoni. Ukikaa, anakalia mguu wako ili usiondoke bila yeye kujua. Yule bibi alikuwa na ugonjwa wa kutetemeka mikono, na asubuhi kabla ya chai mkono wa kulia ulikuwa ukigonga mkono wa kiti bila kukoma. Mbwa alikuwa akipanda, anaingiza kichwa chini ya kiganja, kisha anakaa tuli na ule mkono ukimtetemekea juu ya masikio. Hakuna aliyemfundisha. Nimehudumia wazee wengi, na nimeona dawa zenye kazi ndogo kuliko ile.

Tabia hiyo ina upande wake mgumu. Mbwa huyu hawezi kuachwa peke yake kutwa nzima. Atalia, ataguguna mlango, atakojoa ndani kwa hofu. Anayetoka saa moja asubuhi na kurudi saa moja usiku, nyumba ikiwa tupu, asimchukue. Tena damu ya uwindaji bado imo: akiona njiwa au kipepeo anasahau dunia, na barabara haiogopi hata kidogo. Mahali penye magari simwachii kamba.

Halafu halalamiki. Hapo ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo na mimi.

Moyo wa mbwa, sawa na wetu, una milango midogo inayofunguka na kufunga ili damu isirudi ilikotoka. Wataalamu huiita valvu. Kwa Cavalier, valvu ya upande wa kushoto, kati ya chumba cha juu na cha chini, huanza kunenepa na kujikunja mapema. Haifungi sawasawa, damu inavuja kurudi nyuma, moyo unalazimika kusukuma damu ileile tena na tena, unatanuka, na mwishowe maji yanajaa mapafuni. Mbwa wadogo wa mbegu nyingine huupata ugonjwa huu pia, ila uzeeni. Cavalier huupata kijana. Wakifika miaka 5 karibu nusu yao daktari huusikia mvumo wa valvu inayovuja, na wakifika miaka 10 ni wachache sana walionusurika.

Wangu alikuwa nao tayari nilipompokea. Daktari wa wanyama alinipa stetoskopu nisikilize mwenyewe. Badala ya mapigo mawili yaliyo wazi, katikati yake kulikuwa na mvumo, fuuu, fuuu, kama upepo unaotoka kwenye tairi la baiskeli lililotoboka. Huku juu mbwa ananitazama, mkia unacheza, hana habari.

Tangu hapo, akishalala usingizi mzito, nahesabu pumzi zake. Kazi hii mtu yeyote anaweza kuifanya na haina gharama. Unakaa karibu bila kumgusa, unatazama ubavu. Ubavu ukipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Hesabu kwa sekunde 30, zidisha mara mbili. Usihesabu akiwa anaota. Utaona nyayo zinarukaruka na kope zinacheza, subiri ndoto ipite. Usihesabu akiwa ametoka kukimbia, wala chumba kikiwa na joto kali. Namba iandike pamoja na tarehe, kwa sababu kinachokusaidia ni kujua kawaida ya mbwa wako. Mbwa ambaye mapafu yake yako makavu hubaki chini ya pumzi 30 kwa dakika, na wangu kwa kawaida ni 18 au 20. Namba ikivuka 30, ukirudia baada ya muda mfupi bado iko juu, mpigie daktari usiku huohuo. Usisubiri akohoe. Usisubiri akatae chakula. Cavalier hula hadi siku ambayo mambo yameshaharibika.

Dawa ipo, na hili linanipa moyo. Utafiti uitwao EPIC, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba mbwa ambaye moyo wake umeshatanuka lakini bado hana dalili, akianzishiwa dawa ya moyo iitwayo pimobendan, siku ya moyo kushindwa kazi husogezwa mbele kwa miezi 15 hivi. Kwa mbwa hiyo ni sehemu kubwa ya maisha. Ila dawa hutolewa kwa kuangalia ukubwa wa moyo, kwa hiyo mvumo ukisikika ni lazima ufuatiwe na kipimo cha altrasaundi. Wengi huambiwa ana mvumo kidogo, wakarudi nyumbani wakafurahi kuwa ni kidogo. Ulizeni moyo una ukubwa gani.

Ugonjwa wa pili unaniuma zaidi kuusimulia. Fuvu la Cavalier kwa nyuma ni finyu kuliko ubongo uliomo. Ubongo unasukumwa kuelekea tundu la shingoni, maji yanayouzunguka pamoja na uti wa mgongo yanakosa njia, na mifuko ya maji inajitengeneza ndani ya uti wenyewe. Jina lake ni siringomielia. Cavalier 555 ambao wenyewe waliwaona wazima walipigwa picha za MRI, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalikuwa hivi: wenye umri wa mwaka mmoja, robo yao walikuwa na mifuko hiyo, wenye miaka 6 na kuendelea, asilimia 70. Si wote wanaoumia. Anayeumia, anaumia kweli. Hujikuna hewani wakati anatembea, mguu wa nyuma unakuna upande wa shingo bila kugusa ngozi. Hulia akinyanyuliwa kwapani. Hulala ameinua kichwa, kidevu juu ya ukingo wa kitanda. Hukataa kuguswa sikio. Watu huona kujikuna, wakanunua dawa ya viroboto, na miezi inapita mbwa akiwa na maumivu ya mishipa ya fahamu huku akiendelea kuwapungia mkia. Kwa sababu hiyo kamba yangu naifunga kwenye mkanda wa kifuani, kamwe si shingoni.

Hata mwenye mbwa makini anaweza kukosa. Ndiyo maana siamini kwamba jambo hili litamalizwa na sisi wa majumbani. Lazima lianzie kwa wanaozalisha. Mwaka 2008 BBC ilionyesha filamu ya hali halisi iliyowaonyesha Cavalier wakilia kwa maumivu, huku wengine wenye ugonjwa wakiendelea kuzalishwa, na mwaka uliofuata shirika hilo likaacha kuyarusha maonyesho ya Crufts. Norwei walikwenda mbali zaidi. Chama cha kutetea wanyama kilishtaki, na Januari 2022 mahakama ya Oslo ikaamua kwamba kuzalisha Cavalier na Bulldog wa Kiingereza kunavunja kifungu cha 25 cha sheria ya ustawi wa wanyama, kinachotaka wanyama wazalishwe wakiwa na afya na maumbile yanayofanya kazi. Rufaa iliwaachia wa Bulldog, lakini kwa Cavalier ikakubaliana na uamuzi wa kwanza, na Oktoba 2023 Mahakama ya Juu ikauthibitisha. Njia iliyobaki ni ya kuwachanganya na mbegu nyingine kwa mpango wa kitaalamu.

Denmark walichagua ukaguzi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 Cavalier wa kusajiliwa hapandishwi mpaka bingwa wa moyo amkague, na mwenye hitilafu anaachwa. Watafiti walipopima baada ya miaka 8 hadi 10, walikuta hatari ya kupata mvumo kwa mbwa waliozaliwa chini ya mpango huo imeshuka kwa asilimia 73. Namba hiyo naipenda kuliko kombe lolote la maonyesho. Inaonyesha moyo wa mbwa huyu unaweza kurekebishwa kizazi kwa kizazi, watu wakitaka. Kwa fuvu sioni njia fupi hivyo, na hapo nasimama na Wanorwei: achanganywe damu. Pua ikiongezeka kidogo, doa la Blenheim likipotea, sitalia. Wapo wapenzi wa mbegu hii watakaonikasirikia kwa kusema hivyo. Mimi namtaka mbwa anayeingiza kichwa chini ya mkono unaotetemeka, na sidhani kama kazi hiyo inafanywa na doa.

Matunzo ya kila siku si magumu. Manyoya ni laini ya hariri, hayahitaji kukatwa, lakini nyuma ya masikio, kwapani na kwenye mapaja hufunga mafundo, na fundo likiachwa linavuta ngozi mpaka inakuwa na kidonda. Mimi nachana kila jioni kwa kitana cha chuma. Masikio yananing'inia, hewa haiingii, kwa hiyo baada ya kuoga nayakausha ndani kwa pamba na kunusa. Sikio zima halinuki. Meno nayapiga mswaki kwa dawa ya mbwa, kwani mbegu hii huoza meno mapema. Macho makubwa hukauka kwa baadhi yao. Ute mzito machoni si uchafu wa kufuta tu, ni wa kuonyesha kwa daktari. Na chakula kipimwe. Cavalier hajui kushiba, anajua kuomba, na kila kilo anayoongeza inabebwa na moyo uleule. Zabibu, chokoleti, vitunguu na chochote chenye zailitoli, ile sukari mbadala, ni sumu kwake.

Mtoto wa kaka yangu anaishi Nairobi, na amenitumia picha ya Cavalier mchanga anayeuzwa huko. Shangazi, nimnunue? Nilimjibu kwa ujumbe wa sauti mrefu. Kwanza nikamwambia habari za kupe, kwa sababu huku sizijui shida hizo lakini nyumbani nazikumbuka: homa za kupe zinaua mbwa, na ndani ya manyoya marefu ya masikio na katikati ya vidole kupe anaweza kujaa damu bila mtu kumwona. Dawa ya kupe isikose mwezi wowote, na mikono ipite mwili mzima kila siku. Chanjo ya kichaa cha mbwa haina mjadala. Kisha nikampa maswali ya muuzaji. Mama wa watoto yuko wapi, naweza kumwona akiwa nao? Wazazi wote wawili wana umri gani? Wakikomaa wafike angalau miaka miwili na nusu kabla ya kupandishwa, mioyo yao ikiwa imesikilizwa na haina mvumo, na babu na bibi wa mtoto nao wawe walifika miaka 5 bila mvumo. Huo ndio utaratibu ambao wataalamu wa moyo wamekuwa wakiuhimiza tangu mwisho wa miaka ya 1990. Je, kuna aliyepigwa MRI? Wamepimwa vinasaba vya ugonjwa wa macho makavu na manyoya ya kujikunja, na vile vya kuanguka ghafla kwa kukakamaa? Vipimo hivyo viwili vipo tangu 2011, na ni vya kuchukua mate tu kwa kijiti.

Muuzaji alimjibu kwamba asiwe na wasiwasi, wazazi wote wana vyeti vya ukoo kutoka nje. Cheti cha ukoo kinasema baba ni nani. Hakisemi kama moyo wa baba unavuja.

Sasa ameomba ruhusa ampeleke yule mama kwa daktari asikilizwe kifua, gharama juu yake yeye mnunuzi. Ni dakika chache na stetoskopu. Muuzaji hajajibu, ila bei ameishusha mara mbili. Nimemwambia asimtumie hela mpaka kifua kisikilizwe, na kama muuzaji ataendelea kukaa kimya, Jumamosi aende Karen, hukohuko Nairobi, kwa KSPCA, chama cha Kenya cha kutetea wanyama, wana mbwa wanaosubiri kuchukuliwa. Amesema ataenda na mke wake.